Kovu Nililolifuta Kidevuni mwa Elia

Naikumbuka vizuri siku niliyomfuta mtoto wa watu usoni, na mkiniona nimewaka leo, wanangu, sababu ni hiyo. Jana yule mama alikuja hapa dukani na picha yake, mkaichapa, ikatoka na rangi za ajabu, na mmoja wenu akamjibu bila hata kusimama, "Mama, picha yako ndiyo mbovu." Mashine aliijaribu? Hakuijaribu! Ebo! Maneno hayohayo niliyasema mimi nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye duka la fundi Sefu hapahapa Gongoni, na mpaka leo yananichoma.

Fundi Sefu alikuwa mtengeneza redio. Kompyuta ya kwanza ilipofika dukani kwake, yeye aliifungua kuona vilivyomo, mimi nikajifunza kuiandikia programu. Ndani ilikuwa na kadi ya picha, zile za mwanzo zilizoweza kuonyesha rangi maelfu kwa maelfu, na programu ya kuonyesha picha niliiandika mwenyewe. Basi nikavimba kichwa, nikataka mtaa mzima ujue.

Siku moja akaingia Mama Elia, ametoka Tura kwa treni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akafungua pindo la khanga akatoa disketi. Mwanawe Elia alikuwa amefariki. Picha yake ya karatasi ililowa paa lilipovuja, ila padri mmoja mgeni alikuwa ameshaiweka kwenye disketi ile kabla hajarudi kwao. Hiyo tu ndiyo iliyobaki. Mama alitaka auone uso wa mwanawe, kisha tumchapie.

Nikaifungua. Uso ukatoka wa bluu, umejaa madoa ya kijani kama mkate ulioota ukungu. Mama wa watu akashika mdomo. Na mimi, hodari wa mji, nikasema, "Pole mama, picha yako imeharibika. Niachie, nitaitengeneza; rudi keshokutwa."

Fundi Sefu alikuwa amesafiri kwenda Ziba. Nimngoje wa nini? Nilijiona najua kila kitu! Siku mbili nzima nilikaa nafuta madoa, nukta moja moja, naongeza wekundu mpaka mashavu yakapendeza. Kisha nikahifadhi juu ya picha ileile. Nakala sikuweka. Sikuweka, jamani!

Siku ya tatu asubuhi fundi akarudi. Nikamweleza habari za Mama Elia na yale madoa, nikamwita aone kazi yangu, nikingoja kusifiwa. Hakuitazama hata.

"Ulichora rangi tupu kwanza?"

Nikasema hapana. Akaniamuru nichore mikanda mitatu mipana: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Nikachora. Ule mwekundu ukatoka rangi ya majani yaliyoanza kukauka.

"Na mkanda huu nao," akauliza, "umelowa mvua ya Tura?"

Nikanywea. Kadi ilikuwa imewekwa kupokea nyekundu kwa biti tano, yaani nafasi tano za tarakimu, kijani sita, bluu tano. Programu yangu iliipelekea tano, tano, tano. Kwa hiyo nyekundu na kijani zilisogea nafasi moja, na kipande cha nyekundu kikaangukia kwenye kijani. Yale madoa niliyohangaika nayo siku mbili hayakuwamo kwenye picha hata kidogo! Nilirekebisha mistari michache tu ya programu, mikanda ikatoka sawa. Ndipo nikaifungua picha. Uso ulikuwa mwekundu kama umepakwa rangi ya mlango, laini, hauna hata alama.

Wakati huohuo Mama Elia akaingia. Akasogea, akainama mbele ya skrini, akatabasamu kwa adabu.

"Mtoto mzuri," akasema. "Wa nani huyu?"

Fundi Sefu ndiye aliyemweleza ukweli wote, mbele yangu. Mama akagusa kioo kwa kidole, pale kidevuni. "Hapa palikuwa na kovu. Aliteleza kwenye ngazi ya behewa akiwa na miaka minne." Nilikuwa nimelifuta pamoja na madoa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Aliifunga disketi yake kwenye pindo la khanga, akaenda zake stesheni.

Basi nisikilizeni. Mtu akikuletea kitu chake, weka nakala kabla hujakigusa. Rangi zikigoma, chora nyekundu tupu, ambayo unaijua, uone mashine yako inaitoaje. Anza kuishuku kazi ya mkono wako mwenyewe, na usithubutu kumwambia mtu kitu chake ni kibovu wakati chako hujakikagua. Yule mama wa jana amesema atapita tena leo saa nne. Inukeni mkaijaribu mashine sasa hivi, na akiingia mumwombe radhi kwa vinywa vyenu.

Mungu awabarikie mikono yenu, wanangu, na awajalie msisikie kamwe mama akiuliza, mbele ya uso wa mwanawe mwenyewe, huyu ni wa nani.