Amplifaya Imewaka, Fundi Hasikii

Saa mbili asubuhi. Fundi ameinamia amplifaya iliyotolewa kifuniko, kidole cha shahada kikigusa kiboksi cheusi kidogo kuliko kiberiti. Kwa mkono wa pili anabonyeza swichi. Taa nyekundu inawaka, inafifia, inazimika. Anabonyeza tena na tena. Mara ya nne ananyanyua kichwa.

"Relei haijashika," anasema. "Ikishika inagonga, ndipo umeme unapita kwenda mashine nzima. Wenzangu wanaisikia. Mimi naingoja kidoleni."

Wateja humwita Fundi Besi. Ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia kwenye chumba hiki chenye meza moja, karibu na saluni. Sikio lake la kushoto limekufa. La kulia limebakiza, kwa maneno yake, "kama robo hivi".

Daktari alimwambia ni kelele. Kila siku alikuwa akijaribu spika kwa kuzisogelea, sauti juu.

"Nilidhani masikio ni kama ngozi ya kiganja," anasema. "Yanafanya sugu, maisha yanaendelea."

Amplifaya ya leo ni ya mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Mwanzoni ilichelewa dakika moja kuwaka, baadaye tano. Mwezi uliopita ikawa nusu saa. Fundi mwingine alimwambia transfoma imeungua, atafute mashine nyingine.

"Transfoma ikiungua, haiwaki kabisa," anasema Fundi Besi. "Hii inawaka ikishapata joto. Hapo kuna kapasita, kikopo kinachotunza umeme, imekauka."

Anaazima saluni mashine ya kukaushia nywele. Anapuliza hewa ya moto kwenye kikopo kimoja kidogo karibu na transfoma, kisha anabonyeza swichi. Taa inawaka na kutulia. Uso wake unakunjuka kidogo. Kidole kimepata jibu.

Anafungua waya mmoja uliomzuia, anatoa kapasita ile, analehemu mpya, anairudishia mashine kifuniko. Inawaka kwa kubonyeza mara moja.

Kwa kawaida, hapa ndipo angemwita mkewe. Mkewe ni mshonaji, na cherehani yake iko kibaraza cha pili. Miaka miwili sasa, hakuna mashine inayotoka hapa kabla mama huyo hajaisikiliza. Leo amekwenda msibani.

Saa sita mwalimu anafika. Wanaunganisha spika. Mwalimu anasikiliza, anakuna kidevu.

"Imewaka, fundi. Lakini..."

Fundi anamtazama midomo. "Lakini nini, Mwalimu?"

"Inanguruma."

"Inafanyaje?"

Mwalimu analirudia neno kwa sauti, mpaka walioko saluni wanageuka.

Fundi anaweka kiganja kwenye spika. Anafungua kifuniko, na waya ule aliouondoa asubuhi unaning'inia. Ni waya wa ethi, ule unaozuia mngurumo. Alisahau kuurudishia skrubu yake. Kazi ya dakika mbili.

"Usijali," anasema mwalimu akibeba mashine yake. "Kuteleza si kuanguka."

Fundi anangoja aondoke. "Kuteleza ni mara moja," anasema. "Hii ni ya tatu mwezi huu. Mbili za kwanza mke wangu alizinasa."

Zamani alitengeneza amplifaya sita kwa wiki. Siku hizi akipata mbili anashukuru. Maneno yana miguu, na wateja wameshaambiana kwamba fundi hasikii.

Mkewe anarudi alasiri, anasimuliwa, anakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. "Ungeningoja, baba watoto," anasema, akimgeukia usoni ili amsome midomo.

"Mpaka lini?"

Mama anainama, anavua viatu.

Mwaka ukiisha, Fundi Besi anakusudia kuacha kazi ya sauti. Atabaki na pasi na feni. "Feni ikizunguka naiona," anasema. "Haihitaji shahidi."

Bei ya kifaa cha kusikia alichoandikiwa na daktari ni sawa na mapato yake ya miezi minane. Ameanza kuweka akiba, pole pole, na si kwa ajili ya amplifaya. Binti yake ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

"Nasikia ameanza kuniita babu," anasema, akifuta meza ambayo haina vumbi. "Nasikia kwa kuambiwa. Nataka nimsikie mwenyewe, kabla hajakua akachoka kuita."