Kamera Uani kwa Mama

Kiwanda cha korosho pale Masasi kilipofungwa, hakuna aliyetuambia kuwa kimefungwa. Tuliambiwa twende likizo, tutaitwa. Nilikuwa meza ya kuchambua, wanawake tumekaa bega kwa bega, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Sikuipenda kazi yenyewe. Nilipenda kilichotokana nayo, yaani chumba changu mjini, chenye mlango ninaoufunga na kuufungua mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Mji ulijaa mitumba, redio na baiskeli, na wenzangu wengi wakatandika nguo chini sokoni wakaanza maisha mengine. Mimi niliendelea kungoja kuitwa. Aliyekuja kuniita alikuwa mjomba wangu kutoka Newala.

Mama alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia haukufanya kazi tena, na maneno yalimtoka machache. Kwetu mjomba akishasema, limesemwa. Lakini hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, kofia mkononi, akaniuliza, "Dada zako wana waume na watoto wadogo. Wewe mume aliondoka, kazi haipo. Hebu niambie mwenyewe, nimwite nani?"

Nilifikiri, nikakosa wa kumtaja. Nikafunga mizigo.

Newala iko juu na maji yako chini. Kila kulipopambazuka nilikuwa nimekwisha kushuka bondeni na ndoo, na jua likichomoza lilinikuta napanda, shingo imekakamaa. Nikifika namgeuza mama, namwosha, namlisha uji. Kisha nafua. Kisha namgeuza tena. Alikuwa na kikombe cha bati katika mkono wake mzima, na akinihitaji alikigonga ukutani. Akisikia nyayo zangu zikielekea njiani, alikigonga kwa nguvu zaidi. Jirani yetu mmoja, mwanamke mjane, alijitolea kukaa naye ili mimi nikapumue. Mama alilia mpaka niliporudi. Jirani akaniambia, "Mwanangu, mimi simtoshi. Anakutaka wewe."

Pale ukingoni, ambapo ardhi inakatika ghafla, unaona nyanda za chini mpaka Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Wageni husimama pale wakasema pazuri. Mimi niliona nchi kubwa ambayo sikuwa na ruhusa ya kwenda, nikageuka kurudi kabla kikombe hakijaanza.

Msimu wa korosho uliofuata, wanunuzi binafsi walipopanda na malori yao, alipanda pia mpiga picha mmoja kutoka Masasi. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye pazia kubwa lililochorwa bustani na ngazi za jumba la kifahari. Watu wakishauza korosho walitaka picha na redio mpya, picha na baiskeli, picha na mke. Mjomba alimpangisha chumba chetu cha mbele, naye akalitundika pazia uani. Nikawa namshikia kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga usoni mwa wateja, huku sikio langu likiwa ndani kwa mama.

Siku moja aliitwa kwenye harusi. Akarudi mapema, amekunja uso.

"Vipi, fundi?" nikamuuliza.

"Wanawake hawataki niingie ndani. Bibi harusi yuko chumbani na makungwi wake, na mwanamume hapiti pale. Dada, wewe utapita."

"Mimi sijui kupiga picha."

"Kushika unajua. Kuangalia nimekuona unajua. Njoo."

Alinionyesha kitufe na namna ya kuzungusha mkanda, akanisindikiza mpaka kwenye mlango wa nyumba ile, akabaki nje. Ndani mlikuwa na joto, marashi na jasho. Wanawake waliacha kuimba wakanitazama. Mmoja akasema, "Si yule binti wa mgonjwa?" Wakacheka, wakaendelea. Nikainua kamera. Nilipofumba jicho moja, chumba kile chote kikaingia kwenye kidirisha kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi Newala nilisahau kusikiliza kikombe.

Mkanda ulipelekwa Masasi na basi kusafishwa. Picha zilipopanda, nusu ya wanawake hawakuwa na vichwa. Niliona aibu, lakini fundi alizipanga mkekani akanyanyua moja. Bibi harusi alikuwa ameinamisha uso, na shangazi yake alikuwa akimfuta hina iliyomwagika kwenye kifundo cha mguu. Fundi aliiangalia kwa muda mrefu. "Hii ningeipiga mimi," akasema, "wangekuwa wamesimama mstari."

Baada ya hapo niliitwa mara kwa mara kwenye nyumba ambazo yeye hakuweza kuingia. Nilikwenda mbio, nikapiga mbio, nikarudi mbio. Mara zote nilimkuta mama amelowa machozi, jirani ameshika tama.

Siku moja nikampiga picha mama mwenyewe, pale kitandani. Nilidhani nitamfurahisha. Picha ilipokuja, aliikodolea macho, kisha akaigeuza uso chini juu ya shuka.

"Nani?" akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Siyo."

Tangu kiharusi kimpate hatukuwa tumempa kioo, na hakuna aliyekuwa amewaza juu ya hilo. Siku nzima hakula. Jioni akanivuta mkono, akagusa shavu lake la kushoto, lile zima. "Huku," akasema. Kisha akaonyesha mlango. "Nje."

Kesho yake mimi na jirani tulimbeba na kiti mpaka uani. Alitaka kanga yake aliyoivaa kwenye harusi ya dada yangu. Alitaka afungwe kilemba. Fundi alisogeza kiti, nikamgeuza mama mpaka upande ule mzima ukaelekea kwangu. Alikaa mbele ya ngazi za jumba lile la kuchorwa kana kwamba amezishuka mwenyewe. Watu waliopita njiani walisimama. "Shikamoo, mama!" wakapaza sauti, na yeye, ambaye hakuwa ameamkiwa na mtu wa njiani kwa muda mrefu, akajibu, "Marahaba, marahaba," mpaka akachoka.

Baada ya hapo hakutaka kulala ndani mchana. Alitaka kiti chake uani, karibu na pazia, awaone wateja wakijiweka sawa. Aliwanyooshea kidole wenye kola zilizokunjika. Kikombe alikiacha chumbani.

Msimu ulipoisha fundi alisema nami akiwa anafunga mizigo. Studio yake Masasi ilihitaji mtu wa kudumu, na alitaka niwe mimi. Nilimpelekea mjomba habari. Mjomba akanijibu, "Kamuulize mama yako."

Nilimuuliza palepale uani. Nilijua amebadilika, na nilithubutu kutumaini. Alinitazama kwa lile jicho lake zima.

"Usiende," akasema. Akapapasa pazia. "Hapa."

Fundi aliniachia pazia na kamera yake ya zamani. Nikabaki. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimempa mama sababu nzuri zaidi ya kunishika. Mwanzoni alinishika kwa ugonjwa, sasa alinishika kwa furaha, na furaha ya mama huwezi kuilalamikia kwa jirani. Nilipiga picha za pasipoti, za waliooa, za waliojifungua, za wasichana waliotoka unyagoni wakiwa wamepakwa mafuta. Kazi niliijua, na jina langu lilijulikana mpaka vijiji vya mbali. Lakini kila picha niliipiga nikiwa nimesimama mahali palepale, nyuma yangu nyumba, mbele yangu zile ngazi zisizopanda popote. Wateja waliondoka na picha zao. Mimi nilizungusha mkanda.

Hivyo ikapita misimu, mingi. Mama alifariki mchana, kwenye kiti chake, wakati nikimpanga mwalimu mmoja na wanawe.

Baada ya arobaini nilimwambia mjomba kwamba nashuka Masasi. Alikuwa amezeeka. "Nenda," akasema. Alilisema kwa urahisi kiasi kwamba nilibaki nimesimama, nikingoja aendelee.

Fundi alinipokea, akanipa kazi za nje. Ya kwanza ilikuwa Ndanda, wauguzi wamemaliza masomo, wamevaa nguo nyeupe, wanataka picha kabla hawajatawanyika. Nikamaliza kabla ya adhuhuri. Basi la kurudi Masasi likatokea, konda akaninyooshea mkono. Nikatikisa kichwa. Nikanunua muhogo wa kuchoma kwa mama mmoja kando ya barabara, nikakaa kwenye jiwe. Likaja basi jingine, nalo nikaliacha; hakuna kikombe kilichoningoja.

Yule mama akanitazama. "Mwanangu, mbona unalia? Umefiwa?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu.

Akaniongezea kipande kingine, akasogea kwenye jiwe, tukakaa wote.