Siku Niliyompiga Muhuri Bibi Harusi

Haya sogeeni, na mwenye chai yake ashike kikombe vizuri asije akajimwagia, maana najua mtacheka, na mimi nshazoea kuchekwa kwa jambo hili, siku hizi hata mwenyewe nalicheka, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke niingie mzima mzima na joho langu.

Miaka ile Mapinduzi yashapita, vitambaa vya maana ni vya kuviwahi kwa foleni, na mimi kijana mwalimu wa skuli hapa mjini, nasomesha hati, yaani mwandiko, na nilikuwa na maradhi mamoja tu: kalamu. Si hizi za kuandikia ukazitupa, la, kalamu za wino za zamani, zile za Ujapani zilizochorwa kwa mkono, mwili mweusi unang'aa mpaka unajiona uso, na juu yake fundi kachora ua, au samaki, au ndege, kwa brashi nyembamba na unga wa dhahabu. Nilizipata mnadani Darajani, kwa mabaharia, kwa wazee waliokuwa wakifungasha vyombo vyao kuhama. Nilizifunga moja moja kwa kitambaa cha melimeli ndani ya kijisanduku, na kila Ijumaa nikizitoa, nikizifuta, nikizisemesha (ndiyo, nikizisemesha, mnanitolea macho ya nini?). Mama akawaambia majirani kuwa nna pepo wa kalamu, anataka kupungwa.

Basi nikaposa Mtoni, kwa Zuhura. Aliyemlea Zuhura ni shangazi yake, Bi Kidawa, na ingawa baba mtu, Mzee Faki, alikuwepo, katika nyumba ile neno la Bi Kidawa ndilo lililokuwa neno. Habari za pepo wangu zilikuwa zishamfika. Akaniita, akanikalisha mkekani, akanitazama.

"Mwanangu, sisi hatukatai. Lakini nasikia wewe ushaoa sanduku. Siku ya harusi utakuja wewe mwenyewe, au utakuja na kalamu zako?"

"Ntakuja mwenyewe, shangazi."

"Hata moja usije nayo?"

"Hata moja."

"Haya. Nikiiona, Zuhura hatoki humu ndani, na ndoa yenu mtajua wenyewe."

Nikaahidi, na nilikuwa na nia safi kabisa, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya harusi, nshaoga, nshajifukiza udi, nshavaa kanzu ya ami yangu (ya kuazima, nyeupe pepepe, na ami keshaniambia ikiingia doa nisirudi kwake), nikafungua sanduku niziage tu. Kuziaga tu, wallahi. Nikaiona ile ya tausi, mkia wake umezunguka kalamu nzima, kila unyoya una jicho la dhahabu, nikajisemea, ndoa yangu mwenyewe niitie saini kwa kijiti cha kuandikia cha shehe kinachokwaruza? Nikaijaza wino wa buluu mpaka juu, nikaitia mfukoni. Uamuzi mdogo, jamaa zangu, mdogo kabisa.

Tukaenda Mtoni kwa gari la mbao, watu wanasoma kasida, gari linaruka mashimo ya njia ya Bububu na mimi nimekamata mfuko wangu tu. Msikitini ndoa ikafungwa, nikapeana mkono na Mzee Faki, nikaitikia bila ya kubabaika, na ulipofika wakati wa kutia saini nikaitoa kalamu yangu polepole, kama mtu asiyejali. Ah! Msikiti mzima ukanyoosha shingo. Mzee Faki akasema, "Hebu." Akaipokea, akavua kifuniko, akaigeuza juu chini, akamwonyesha tausi mzee wa pembeni yake, na kale kachuma ka ubavuni, kale kanakominya mpira wa ndani kuvuta wino au kuutoa, akakakuta kwa dole gumba, akawa anakachezea, tik, tik, anacheka peke yake. Mimi nacheka naye. Mkwe huyo, utamwambia nini?

Mara tukaambiwa bwana harusi anangojwa nyumbani, watu wakasimama, pakawa na msukumano, kalamu nikarudishiwa, kifuniko sikukiona. Hebu fikirini na nyinyi: kalamu wazi, kanzu nyeupe, tena ya watu. Mfukoni haitiki. Nikaikumbatia kwa kiganja cha kulia, nikakunja ngumi, nikaiingiza ndani ya mkono wa joho, nikatembea hivyo mpaka nyumbani kwa kina Zuhura. Njiani nikahisi kiganja kimelowa, nikasema moyoni, jasho hilo, bwana harusi gani hatoki jasho?

Chumbani wanawake wamejaa mpaka madirishani, vigelegele, udi, asumini. Zuhura kakaa kitandani kainamisha macho, kama ilivyo desturi, bibi harusi siku ile hasemi, hacheki, hata kukohoa anakohoa kwa adabu. Siku kadhaa alikuwa anasingwa, anasuguliwa mwili kwa manukato, na siku ile uso wake wamempaka liwa, unanukia msandali. Pembeni yake kasimama Bi Kidawa, macho kanikazia. Nikajifanya natengeneza joho, nikaihamishia kalamu mkono wa kushoto, nikaificha, nikanyoosha kulia kwangu, nikaweka kiganja kwenye paji la uso wa mke wangu, kama ada ya bwana harusi, nikafumba macho, nikasoma.

Na nilisoma! Mwengine angesoma Fatiha akatoka. Mimi nilitaka Bi Kidawa ajue kampata mkwe mcha Mungu, nikasoma kwa kuvuta, nikaongeza na dua, nikaongeza na nyengine, na mkono nimeubandika pale pale.

Nilipouondoa, nikangoja vigelegele. Vigelegele havikupigwa. Nikafumbua macho nikaona kiganja changu, kizima, vidole vitano na michirizi yake yote, kimekaa buluu juu ya paji la uso wa Zuhura, na ile liwa imeukamata wino kama kitambaa cha kutiwa rangi.

"Yallah!" sauti ikatoka nyuma. "Kampiga muhuri!"

Chumba kikapasuka. Waliokuwa madirishani wakawa wanawasimulia walio nje. Bi Kidawa peke yake hakucheka.

"Nini hii?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Hina, shangazi."

"Hina ya buluu?"

Nikawa natafuta la kujibu, na pengine ningelipata (mwongo haishiwi), lakini wakati ule ule Mzee Faki akagonga mlango kutoka nje, akaita kwa sauti yake ya kuadhinia, "Bwana harusi! Kifuniko cha kalamu yako hiki, nilikisahau mfukoni!"

Mwee! Bi Kidawa akanyoosha mkono, nikamkabidhi tausi. Jasho sasa lilikuwa jasho kweli.

"Hata moja, uliniambia. Basi Zuhura hatoki. Mtu asiyeweza kuachana na kalamu siku moja, mwanangu atamweka wapi?" Alisema kweli, na mimi nikajiona narudi mjini peke yangu.

Ndipo bibi harusi akasema. Watu wakashika vinywa. Aliomba kioo, akajitazama, kushoto, kulia, mabega yakaanza kumtetemeka, nikajua analia, kumbe anacheka.

"Shangazi," akasema, "na mimi nikibaki na uso huu, nani mwengine atakayenichukua? Mwache aliyeniandika anichukue mwenyewe. Lakini nipe hiyo kalamu."

Bi Kidawa akampa, na lile la kuwa hatoki likaishia hapo. Akakakuta kale kachuma, akakaminya, akajimwagia wino kiganjani, akasimama, akanibandika mkono wake usoni, pa! Vigelegele vya hapo vilisikika mpaka Bububu.

Nikatoka kwa wanaume hivyo hivyo, na mjini nikaitwa Bwana Muhuri mpaka wanafunzi wangu wakalijua. Ule wino limau halikuutoa, maziwa hayakuutoa, na kesho yake tukapigwa picha ya harusi na mihuri yetu usoni. Ipo ukumbini mpaka leo, mgeni akiuliza ile nini, mimi huenda kutazama chai jikoni.

Tausi yumo kabatini mwa Zuhura, na funguo anazo yeye. Kalamu sijaacha kukusanya, lakini harusini nimekoma, nikiitwa shahidi naomba kijiti cha shehe kama watu wote, na kabla sijavuka kizingiti kwenda harusi ya mtu, mke wangu huniita, "Lete mkono," akanikunjua kiganja, akakitazama mbele na nyuma, ndipo akanambia, haya nenda.