Njia Isiyopita kwa Shangazi

Mwezi wa nane shule zilipokaribia kufungwa, nilitaka familia yangu izunguke maziwa ya Bonde la Ufa kwa gari, polepole, bila kumtembelea mtu yeyote. Taabu ni kwamba barabara za huko zinapita kwenye malango ya ndugu za baba yangu, na kwetu hupiti langoni kwa shangazi bila kuingia. Ukiingia, kuku anachinjwa na siku imeisha. Sikumwambia hata mama, maana angewapigia wote simu kabla chai yake haijapoa.

Wiki nzima, ofisini Upper Hill na kwenye foleni ya Ngong Road, nilitafuta njia za kando kwenye simu. Jumamosi nikaipata: mbovu, ndefu, haina ndugu hata mmoja. Nikamwonyesha mke wangu, aliyekuwa akikunja nguo za watoto za kuogelea.

Akaifuata kwa kidole hadi mwisho.

“Sasa tukifika,” akaniuliza, “tutampigia nani kumwambia tumefika?”

Nilimnunia mpaka Jumatatu, kwa sababu sikuwa na jina la kumtajia.