Ada ya Kuimba Ndani ya Ukungu

Siku yangu ya kwanza kwenye boti ya abiria, ya kutoka Kashikishi kwenda kisiwa cha Chisenga, patron, mukubwa wa boti, hakuniuliza kama najua injini. Aliniuliza, "Unajua kuimba?" Nikafikiri ananichezea.

"Sichezi, mutoto. Ukungu ukishuka, unazima injini, unaimba. Wavuvi wa mitumbwi watakujibu. Hapo utajua wako wapi na nyavu zao ziko wapi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, ninyi vijana. Filimbi inakuambia tu kuna mutu. Wimbo unaendelea, sikio linaufuata mpaka ujue ni kushoto ama mbele, karibu ama mbali. Lazima uwe wimbo ambao kila mutu anaujua, kwa hiyo tuliimba za kanisa na za redio, mama wauza samaki wakiongoza. Miaka yote niliyoshika injini sikugonga mutumbwi hata mumoja.

Halafu patron akafa, akaja chef mupya wa boti, mutu wa biro, wa kukaa na makaratasi. Nyuma yake akaja ajan, wakala wa kukusanya ada za muziki, na begi lake. Akasema boti ni mahali pa watu wengi, nyimbo za redio zina wenyewe, lazima tulipe.

"Redio iko wapi humu?" nikamuuliza.

"Munaimba kwa midomo. Ni sawasawa."

Sawasawa! Mungu wangu! Baa inayouza bia kwa muziki wa mutu ilipe, sina neno. Mutunzi naye ana tumbo. Lakini mama anayeimba ili asizame, anamuibia nani? Chef hakubishana. Akakataza kuimba.

Asubuhi moja yule ajan alipanda kwetu. Katikati ya ziwa ukungu ukatufunika. Nikazima injini. Abiria wote kimya, wakimwangalia yeye. Boti inaelea tu, hatuoni kitu. Ndipo ajan mwenyewe, jasho likimtoka, akaanza wimbo wa redio kwa nguvu zake zote. Tukaupokea. Mbele yetu, karibu kabisa, akajibu Mulenga, muvuvi niliyemjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Tukampita pembeni polepole.

Tulipofika Chisenga, ajan akafungua begi, akatuandikia faini. Kwa wimbo ule ule!

"Ni wewe uliuanzisha," nikamwambia.

"Mimi ni abiria. Boti ni yenu."

Chef akataka faini itoke kwenye mushahara wangu. Nikamwachia injini yake. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila hata asante.

Sasa niko nyumbani Nchelenge, na hasira haijaisha, sitawadanganya. Msimu uliopita boti ile, na dereva mupya aliyefundishwa kunyamaza, ilipita juu ya mutumbwi wa Mulenga ndani ya ukungu. Makaburini, siku ya kumuzika, nilisimama, nikaanza wimbo ule aliozoea kutujibu nao. Watu wakaangalia chini. Chef akanishika mukono, akanong'ona, "Tata, hiyo ni ya redio. Batatuandikia faini."

"Baandike!"

Nikauimba mpaka mwisho, peke yangu. Wa kunijibu alikuwa ndani ya sanduku.