Siku Kwaya ya Mhezi Iliposhuka Same

Shamba la mkonge lilipobinafsishwa, Tumainieli, fundi umeme wa karakana, alipunguzwa kazi. Kiinua mgongo chake chote kikaishia kwenye kompyuta ya mtumba kutoka Dar es Salaam na kadi ya sauti aliyouziwa Moshi. Akapanga chumba mjini Same, akafunika kuta kwa magunia na trei za mayai ili sauti isirudi, akaandika mlangoni kwamba anarekodi kwaya.

Kwaya ya kwanza ilitoka Mhezi, juu milimani. Ilishuka na lori la tangawizi, waimbaji wakafika wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Aliyewaongoza alikuwa Rogathe, mjane mtu mzima. Nyimbo zote za kwaya ile alizitunga yeye. Siku hizo kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sisi tuko tayari. Mashine yako je?"

"Iko tayari."

Wimbo wa kwanza ulipofika katikati, programu ya kurekodi ikaganda. Tumainieli akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Safari hii haikuganda, lakini waliposikiliza, sauti ilikatika na kupasuka kama mahindi kikaangoni. Akachomoa kadi ya sauti, akaipuliza, akairudisha. Akafuta programu, akaiweka upya. Akabadili waya wa maikrofoni. Kila baada ya jambo moja alisema, "Turudie tena, wapendwa." Na kwa kuwa diski ilikuwa ndogo, alifuta kila wimbo ulioharibika ili unaofuata upate nafasi.

Alasiri Rogathe akaanza kukohoa katikati ya beti. Aliomba maji ya moto, akanywa, akaendelea, mpaka sauti ikabaki ya kunong'ona. Yona, mwenyekiti wa kwaya, akasimama.

"Fundi, wewe unajifunzia kwetu."

"Nivumilieni, kaka. Nimekaribia."

"Basi karibia peke yako."

Wakaondoka.

Tumainieli alirudi Moshi kwa muuzaji. Muuzaji akaapa kwamba kadi ni nzima na kompyuta ni nzima, labda ubaya ni umeme wa Same. Akarudi nyumbani, akawa anang'oa kifaa kimoja kimoja na kujaribu. Alipotoa kadi ya modemu iliyokuja na kompyuta, ya kuingilia intaneti kwa waya wa simu, sauti ikatoka safi kabisa. Kadi zile mbili zilikuwa zinagombania njia moja ndani ya kompyuta. Na modemu hiyo hakuwahi kuitumia hata siku moja. Simu ya kuiunganisha hakuwa nayo. Alikaa ameishika mkononi, machozi yakimtoka kwa hasira.

Akapanda Mhezi. Alimkuta Rogathe uani akipukuchua maharage.

"Mama, nimeupata ugonjwa wake. Sasa inarekodi vizuri."

"Wenzangu wamekwisha rekodi Moshi. Wamemweka binti mmoja aongoze. Mwenye studio alisema sauti yangu inakwaruza."

"Waliimba nyimbo zako?"

"Wangeimba za nani?"

"Basi njoo uziimbe mwenyewe, mama. Peke yako. Sitaki malipo."

Rogathe aliacha maharage, akamtazama. "Siku ile nilikuimbia mpaka sauti ikaisha. Sasa unaniomba ipi?"

Tumainieli alikunywa uji aliopewa, akaaga.

Rogathe alifariki kabla ya mvua za masika. Msibani, kanda iliyorekodiwa Moshi ilipigwa kwenye redio iliyowekwa dirishani, na sauti ya yule binti ikasikika mpaka barabarani. Redempta, mtoto wa marehemu, alimfuata Tumainieli alipokuwa amesimama na wanaume.

"Kaka, mama aliimba kwako kutwa nzima. Huna hata kipande?"

"Sina."

"Hata kile kibovu? Hata akikohoa tu?"

"Nilifuta, dada. Nilikuwa natafuta nafasi."

Redempta alimwangalia kama mtu asiyeelewa lugha aliyosemeshwa. Kisha akarudi ndani kwa wanawake, na Yona akaja kuigeuza kanda upande wa pili.