Saa Iliyotolewa Mkononi mwa Mvuta Kamba

Waliponilaza juu ya magunia, macho yangu yalifunguka mbele ya mti wa kamba ya kushukia shimoni, na pale juu, kwenye msumari, ilining'inia saa ya yaya yangu. Yaya, huku kwetu, ni kaka mkubwa. Mshale wa sekunde ulikuwa umesimama. Nilitapika, nikaangalia tena, bado umesimama. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mkuu wa shimo, simu ingali sikioni: "Bale batu bako haraka ya nini? Montre inasema bado." Montre, kwetu, ni saa.

Wakati anasema hivyo yaya alikuwa chini, karibu na mpira wa pampu, na alikuwa amekwisha kufa. Mimi walinitoa wa kwanza kwa sababu nilianguka karibu na kamba. Ni hivyo tu. Kama ningeanguka pale alipoanguka yeye, leo yeye ndiye angekuwa anaandika haya, na angeyaandika vizuri kuliko mimi, maana yeye alimaliza shule ya msingi na mimi niliiacha katikati.

Ilikuwa Kamatanda, kwenye mashimo ya madini, siku ya Jumatatu, wakati wa mvua.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu watu wa mtaa wetu wanaianza hadithi hii pabaya. Wanaianzia kwenye saa. Wanasema: alipenda saa, saa ikamuua. Hata mama anasema hivyo. Tuko naye mtaa wa Panda, hapa Likasi, katika nyumba ileile ya kambi aliyopewa baba wakati kampuni ya madini ilikuwa bado inatoa unga na samaki. Baba hakuwahi kuvaa saa maishani. King'ora cha kiwanda ndicho kilimwamsha, kikampeleka kazini na kumrudisha, na sisi watoto tulijua saa ya kula kwa king'ora hicho. Kampuni iliposimama nacho kikakaa kimya, baba alizoea kusimama mlangoni amevaa viatu vya kazi, anasikiliza. Yaya alimwona hivyo asubuhi nyingi. Nadhani hamu ya saa ilimwingia pale.

Aliipata kwa dereva mmoja wa lori aliyekuwa akipita Likasi kutoka mpakani Kasumbalesa. Walibadilishana, baiskeli kwa saa. Kwetu baiskeli inaitwa kinga, na kinga ile ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mama sokoni na viazi vyake. Alipoingia nyumbani kwa miguu, mama alikuwa anapepeta unga.

"Kinga iko wapi?"

Yaya akanyoosha mkono.

"Minye ninakuuliza kinga, weye unanionyesha mukono."

"Nilitoa kinga, mama. Hii ni montre ya Japon. Ya batu ya kuzama mu maji."

"Mu hii nyumba nani anazama?"

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alisema, "Basi kesho utanibeba na viazi yangu juu ya ile montre," akaendelea kupepeta.

Nieleze ilivyokuwa, kwa mtu ambaye hajaishika. Ilikuwa saa ya chuma, nzito, uso mweusi, imetoka kwenye mkono wa mtu mwingine kabla yetu. Haikuwa saa ya tajiri. Kuna saa za Ulaya za namna hiyo ambazo bei yake inanunua nyumba, na yaya alizijua kwa picha tu, hakuzitamani. Alisema Mjapani alimfikiria mtu wa kazi. Haina betri. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachozunguka mkono ukitembea, na mzunguko ule ndio unaoijaza nguvu. Mtu anayefanya kazi hana haja ya kuifunga ufunguo, kazi yake ndiyo ufunguo. Juu ya kioo kuna pete yenye alama za dakika, unaizungusha kwa vidole, inalia ka-ka-ka. Mzamiaji anaweka alama ya pete mbele ya mshale wa dakika anapoingia majini, halafu anajua amekaa muda gani. Umeme ukikatika jioni, mishale na nukta zake zilitoa mwanga wa kijani, na yaya aliweka mkono juu ya meza sisi wote tukaangalia, hata mama, ingawa alijifanya anachagua maharage.

Na ilikuwa na kasoro. Sisemi kama muuzaji. Ilikimbia mbele, kila asubuhi yaya aliirudisha kwa habari za redio. Mwanga ule wa kijani ulikuwa mkali mwanzoni, halafu unachoka kabla ya kulala. Alama ya pete haikukaa sawa na alama ya uso, ilikwenda pembeni kidogo, na mvuta kamba wetu, anayetushusha na kututoa shimoni, alikuwa akimtania: "Mu-Japonais aliitengeneza kisha kulewa ku harusi, kichwa kingali kinazunguka." Mkanda wake wa chuma uling'oa nywele za mkono mpaka yaya akautupa, akakata mkanda mwingine katika mpira wa ndani wa gurudumu. Kioo kiliogopa mchanga. Mwaka haukuisha kikawa na mikwaruzo mpaka ulilazimika kuinamisha mkono ili uone. Na kasoro kubwa ni hii: ufunguo wake haukuijaza. Unaweza kuuzungusha unavyotaka, unasogeza mishale na tarehe tu. Ikisimama, hakuna njia isipokuwa kuivaa na kutembea nayo muda mrefu. Ukiitikisa mara chache inaamka, inatembea kidogo, halafu inalala tena.

Yaya aliyajua hayo yote, na aliipenda hivyo hivyo.

Katika shimo letu hewa ilikuwa mbaya. Tulishuka wawili wawili, na zamani mtu alitoka pale kichwa kilipoanza kumuuma, yaani akiwa amechelewa. Yaya ndiye aliyeleta utaratibu wa pete. Tukishuka, mvuta kamba anaweka alama ya pete mbele ya mshale. Mshale ukipita robo ya uso na kidogo zaidi, anatikisa kamba, tunatoka, wengine wanashuka. Na yaya alisema saa ikae kwenye mkono wa mvuta kamba, hata kama ni yake yeye, kwa sababu mkono wa mvuta kamba haupumziki. Jioni yaya anaivaa mwenyewe. Jumapili anakwenda nayo kanisani, na kwetu kanisani mikono haikai chini, inainuliwa tangu wimbo wa kwanza. Saa ile haikupata nafasi ya kusimama.

Mvuta kamba alikuwa Mwislamu, wazazi wake walitoka Maniema. Alimwambia yaya, "Musipoimba muzuri kesho, lundi nitawatosha na saa ya uongo." Lundi ni Jumatatu, na kutosha, kwetu, ni kutoa.

"Kuya na weye kanisani, uisaidie."

"Hapana. Ijumaa minye ninaisaidia kwa kuinama."

Ni maneno kama haya ninayoyatamani. Sitamani madini, wala mwili niliokuwa nao. Natamani kusikia wale wawili wakichokozana juu ya saa, mmoja kichwa ndani ya shimo na mwingine ameshika kamba.

Sasa nitaje waliofanya haya. Majina yao mtaani yanajulikana, mimi nitataja kazi zao.

Wa kwanza ni mnunuzi wa mawe yetu. Maji yalipoingia shimoni alileta pampu ya petroli, na mpira aliouleta ulikuwa mfupi. Tulimwambia mpira haufiki. Akasema pampu iteremshwe, iwekwe kwenye kibaraza cha udongo ndani ya shimo. Pampu ya petroli, ndani, pamoja na watu. Yaya akasema tungojee mpira mwingine. Mnunuzi akajibu kwamba mvua haingojei.

Wa pili ni mkuu wa shimo, chef tunavyomwita. Huyu ni shemasi katika kanisa lake, anavaa tai. Alikuwa na wasiwasi kwamba mvuta kamba anatutoa mapema kwa urafiki. Jumamosi, kazi ilipokuwa ikielekea kumalizika, alimfuata akanyoosha kiganja.

"Leta montre."

"Haiko yangu, chef. Iko ya huyu yaya."

"Iko ya puits, ya hii shimo. Lundi nitaiangalia minye mwenyewe."

Yaya alikuwa amekaa pale anaosha miguu. Mimi nilikuwa karibu naye. Alisema kwa heshima, kama tulivyofundishwa kusema na mkubwa wa kazi: "Chef, iache ku mukono ya muntu. Isipotembea, inakufa."

"Itembee? Iko kuku?"

Watu wakacheka. Mkuu akaufungua ule mkanda wa mpira, akaitia saa ndani ya sanduku la bati analofungia vifaa, akafunga kufuli. Ilikaa mle Jumamosi yote iliyobaki na Jumapili nzima. Yaya alikwenda kanisani mkono mtupu. Nilimwona katikati ya maombi anajishika pale penye alama nyeupe ya mkanda.

Jumatatu tulimkuta mkuu ameketi kwenye kiti chake, saa iko juu ya msumari, mbali na macho yake kuliko alivyodhani. Baadaye mvuta kamba alinieleza: mkuu aliitoa sandukuni imesimama, akaitikisa kidogo, akapanga mishale kwa simu yake, akaitundika ikitembea. Sisi hatukuliona hilo. Pampu ilikuwa inanguruma, hakuna sikio lingesikia saa.

Yaya aliuliza, "Chef, montre inatembea?"

"Inatembea kupita weye. Shuka."

Tukashuka. Nakumbuka maji kwenye magoti, moshi, taa ya kichwani mwa yaya ikiwa na duara la njano kama imefungwa kitambaa. Nilisema kichwa kinauma. Yaya akasema, "Vumilia, kamba itatikisika sasa hivi." Aliamini kamba kwa sababu aliamini saa, na aliamini saa kwa sababu aliijua. Hakujua tu kwamba mkuu aliikuta imekufa, akaitikisa kidogo tu. Nikaanguka karibu na kamba. Sikumbuki zaidi.

Juu, mvuta kamba alikuwa anasema, "Chef, bale banakawia." Mkuu akainua macho kwenye msumari, akaona mshale haujafika, akasema bado. Alikuwa anaongea na mnunuzi kwa simu. Simu hiyohiyo ilikuwa na saa ndani yake, kubwa, ya namba, na alikuwa ameibandika sikioni. Mvuta kamba akasema mara nyingine. Mkuu akamjibu, "Montre ya Japon haidanganyake." Mwishowe mvuta kamba alitikisa kamba bila ruhusa. Hatukujibu. Akateremka mpaka kibarazani, akazima pampu mwenyewe, watu wawili wakashuka na vitambaa vyenye maji puani, wakanitoa, na hapo ndipo nikalisikia lile neno la mkuu nikiwa juu ya magunia.

Kwenye kilio mkuu alikuja na tai yake. Aliketi mbele ya mama, akamwekea saa kiganjani, akasema, "Mama, pole. Hii njo ilimuua. Tulimwambia asitegemee vitu ya mitumba." Mnunuzi alikuwa pembeni yake, anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, ulimi mzito, kichwa kinapasuka, sikuweza kusimama wala kusema. Nilipopata sauti, mama alikuwa amekwisha kuamini. Ilikuwa rahisi kwake. Alikuwa na kinyongo cha kinga tayari, neno la shemasi lilikuta mahali pa kukaa.

Tangu hapo mama anamlilia mwanawe na kumlaumu kwa pumzi moja. Anasema, "Mutoto wangu alijinunulia kifo." Nimemweleza. Ananisikiliza, halafu ananiambia kwamba ule moshi wa shimo ulinila akili, na kwamba mtumishi wa Mungu hawezi kumdanganya mwanamke aliyefiwa. Mvuta kamba angenisaidia, lakini alikwenda Kolwezi na simu yake haiiti tena. Waliocheka ile Jumamosi wamesahau walichokicheka.

Saa nimeivaa mimi. Kazi nzito siwezi tena, nauza vocha za simu kando ya barabara, na kazi ya kukaa haiipendi saa hii. Inasimama, naitikisa, inaamka, inasimama. Vijana wananiambia nitafute ya betri. Kweli, ya betri ingenifaa. Lakini nikitembea kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, inaamka yenyewe, na kwa muda huo mfupi nakuwa kama mtu anayetembea na mwenzake.

Kwa kuiba mbuzi, mtu wa Likasi anafungwa gereza la Buluo. Mnunuzi bado ananunua. Mkuu wa shimo ana shimo lingine na bado anapitisha kikapu cha sadaka. Siombi afungwe, nimechoka kungojea mambo ya serikali. Naomba kitu kidogo ambacho hakuna hakimu anayeweza kukifanya badala yake.

Weye shemasi, unaijua nyumba yetu, ulikaa ndani yake ukanywa maji. Mama yangu amezeeka, macho yamekwisha, masikio yangali yanafanya kazi. Kuya na tai yako, keti palepale mbele yake, na mwambie kwa kinywa chako: nani aliitoa saa kwenye mkono wa mvuta kamba, na mwanawe alikuambia nini kabla hujaifungia sandukuni? Mjibu yeye. Minye nitakuwa mlangoni, sitasema neno.